Gari la Vitabu: Khabari za Ibn Taymiyya na Jamaa Zake Walipohamia Damascus

 Twapenda kuwaeleza ndugu zetu wasomaji khabari za mtu ambaye jina lake wengi wamelisikia, lakini utoto wake ni wachache wanaoujua. Naye ni Sheikh Taqiyud-Din Ahmad bin Abdul-Halim, ajulikanaye kwa jina la Ibn Taymiyya. Wamtajao kwa kumsifu na wamtajao kwa kumlaumu, wote huanza na fatwa zake na vifungo vyake. Sisi leo twataka kuanza na nyumba yao. Yaani jamaa zake walivyoikimbia nchi yao, na walivyokaa katika mji wa ugeni, na mji ule wa ugeni ulivyogeuka ukawa ndio kwao.

Sababu ya kulichagua jambo hili ni kuwa linatuhusu wenyewe. Ni mitaa michache katika miji yetu isiyokuwa na nyumba ya watu waliotoka kwingine. Wako wazee wa Kibajuni waliovihama vijiji vyao vya bara kwa ajili ya vita vya Shifta katika miaka ya 1960. Na wako vijana wa leo wanaofuata kazi Nairobi na Nakuru na hata ng'ambo ya bahari, kila mmoja na mkewe na watoto wake. Na wengi wao, ukiwauliza khabari ya masomo ya dini ya watoto, jawabu yao ni moja: wangoja kwanza watulie. Hutafutwa nyumba, hununuliwa kitanda na kabati, hutafutwa skuli. Ama Kurani na ilimu ya dini huwekwa nyuma mpaka siku ya kutulia, na siku hiyo mara nyingi haiji. Basi na tuitazame jamaa moja iliyohama katika shida kubwa kuliko shida zetu, tuone ilianza na nini.

NYUMBA YA HARRAN

Harran ulikuwa mji mkongwe katika nchi ya Jazira, baina ya mito miwili ya Furati na Tigiri, kusini ya mji wa Urfa. Leo pahali pake pamo katika mipaka ya Uturuki. Katika mji huo ukoo wa Taymiyya ulikuwa ukijulikana kwa ilimu, baba akimrithisha mwana. Babuye Sheikh wetu huyu, yaani Sheikh Majdud-Din Abdus-Salam, ndiye aliyekitunga kitabu cha Muntaqal-Akhbar, alimokusanya hadithi za hukumu za sharia. Na ndicho kitabu alichokuja kukisherehesha Imamu Shawkani wa Yemen katika kitabu chake cha Naylul-Awtar. Babake, Sheikh Shihabud-Din Abdul-Halim, alikuwa naye ni mwanachuoni, wa madhehebu ya Imamu Ahmad bin Hanbal. Katika nyumba hiyo ndimo alimozaliwa Ahmad, tarehe 10 Mfungo Sita mwaka wa 661 Hijria, sawa na tarehe 22 Januari 1263.

Alizaliwa katika zama mbaya. Miaka mitano kabla yake, katika mwaka wa 1258, majeshi ya Tatari yaliuvunja mji wa Baghdad na kumuua Khalifa. Katika mwaka wa 1260 yaliitwaa Halab na Damascus yenyewe, mpaka jeshi la Misri lilipoyashinda katika vita vya Ayn Jalut mwaka huo huo. Baada ya hapo nchi ya Sham ilirudi mikononi mwa wafalme wa Misri. Lakini Harran ulikuwa ng'ambo ya mto wa Furati, nao ukabaki chini ya Tatari, katika mpaka wa vita, ambapo mtu halali akajua vipi atakavyoamka. Wenye mali walipungua, soko likafa, wanafunzi wakatawanyika.

Katika mwaka wa 667 (1269) Sheikh Abdul-Halim alikata shauri. Aliwatwaa mkewe na watoto wake, akaondoka.

SAFARI YA USIKU

Na tuizingatie safari hii. Kutoka Harran mpaka Damascus, hata lau mtu angekwenda moja kwa moja kama arukavyo ndege, ni zaidi ya maili 270. Na msafiri wa nchi kavu hapiti apitapo ndege. Walikwenda usiku kwa kuwaogopa adui. Wanyama wa kubeba mizigo walikuwa hawapatikani. Walichokuwa nacho ni gari moja, na juu ya gari lile walipakia vitabu.

Mtu aliye mbioni, nyuma yake adui na ubavuni pake watoto wadogo, hana nafasi ya kubeba kila kitu. Atakachokipakia ndicho kitakachoonyesha moyo wake uko wapi. Sheikh Abdul-Halim angeweza kupakia mazulia na vyombo vya shaba na nafaka, na hapana ambaye angemlaumu. Alipakia vitabu, kwani aliona ya kuwa vyombo vitapatikana huko waendako, bali ilimu ya baba zake ikipotea njiani haitanunuliwa sokoni.

Tena vitabu ni vizito, na njiani gari lilikwama. Waliosimulia khabari hizi wasema ya kuwa adui walikaribia kuwafikia, nao wakasimama wakamwomba Mungu na kumlilia. Kisha gari likaenda, wakaokoka. Ahmad alikuwa na umri wa miaka 6 hivi. Mtoto wa umri huo husahau mengi, lakini usiku kama ule hausahauliki.

Wala baba yule hakukosea kuondoka. Haikupita ila miaka miwili, katika mwaka wa 1271, Tatari wakawaondoa kwa nguvu watu waliobaki Harran, wakaiziba milango ya mji kwa kujengea, wakauacha mtupu. Pale alipozaliwa Ahmad hapakuwa tena na mji wa kurejea. Kwa hivyo jamaa hii haikuwa kama msafiri anayehesabu siku za kurudi kwao. Ilikuwa haina budi kuutia mzizi pale ilipofika, au kukauka.

MJI WA UGENI

Damascus ulikuwa mji mkubwa, wenye misikiti na madrasa nyingi, na wanavyuoni wa madhehebu zote nne. Mgeni katika mji kama huo hupotea kama tone la maji baharini. Lakini Sheikh Abdul-Halim aliwakuta watu waliojua maana ya kuhama. Yapata miaka 100 na zaidi kabla yake, katika miaka ya 1150, jamaa ya Maqdisi walikuwa wamevikimbia vijiji vyao karibu na Nablus, zilipokuwa nchi zile chini ya Wafaranji wa vita vya msalaba, wakaja wakakaa penye mlima wa Qasiyun juu ya Damascus. Hapo walianzisha mtaa wao wa Salihiyya, wakajenga na kusomesha, mpaka mtaa ule ukawa ni chimbuko la ilimu ya Kihanbali. Katika jamaa hiyo alitoka Ibn Qudama, mtungaji wa al-Mughni. Na zama za kufika kina Ibn Taymiyya, mkubwa wao alikuwa Sheikh Shamsud-Din bin Abi Umar, kadhi mkuu wa Kihanbali. Bwana huyu alikuja kuwa mmoja wa waalimu wa Ahmad. Basi wahamiaji wa jana waliwafunza wahamiaji wa leo.

Sheikh Abdul-Halim hakukaa akangoja mji umjue. Alipewa usimamizi wa Darul-Hadith ya Sukkariyya, katika mtaa wa Qassain, na mumo humo ndimo alimokaa. Yaani nyumba ya jamaa hii katika mji mpya ilikuwa ndiyo madrasa. Mtoto akiamka asikia hadithi zasomwa, akilala amezisikia. Tena alikuwa na kiti chake katika Msikiti Mkuu wa Bani Umayya, ambapo siku za Ijumaa alikuwa akiwafunza watu kwa kifua, bila ya kushika kitabu.

Ama mtoto mwenyewe, ziko khabari ambazo kila mzazi aliyehama yampasa azisikie. Miongoni mwa masheikh wa Ahmad alikuwamo Ibn Abdud-Daim, mzee wa zaidi ya miaka 90, aliyekuwa amemaliza umri wake akinakili vitabu kwa mkono kwa ujira, mpaka macho yake yakapofuka. Mzee huyu alikufa mwaka wa 668. Na jamaa ya Taymiyya waliingia Damascus mwaka wa 667. Piga hesabu, ewe msomaji. Mtoto yule hakuweza kumsikia mzee yule ila katika miezi michache ya mwanzo ya ugeni wao, wakati ambao nyumba nyingine zingekuwa zingali zatafuta pa kutundika taa. Babake hakungoja kutulia. Alimchukua mwanawe kwa mkono akamkalisha mbele ya mzee aliyekuwa ukingoni mwa kaburi, kwani mzee kama yule hangojwi.

Tena wala hawakuwa wanaume peke yao. Ahmad alisoma hadithi kwa Bibi Zaynab binti Makki, mwanamke mwanachuoni aliyeishi umri mrefu na kufa mwaka wa 688. Masheikh wake wote wapata 200 na zaidi. Kila sheikh ni mlango wa nyumba uliogongwa na kufunguliwa, na kila mlango uliofunguliwa uliufanya mji ule usiwe wa ugeni.

Babake alikufa mwisho wa mwaka wa 682, na mwanzoni mwa mwezi wa Muharram wa mwaka wa 683 (1284) kijana Ahmad, naye ana umri wa miaka 21, alikaa pahali pa babake pale Sukkariyya akatoa darsa yake ya kwanza. Walihudhuria wakubwa wa mji, akiwamo kadhi wa Kishafii Bahaud-Din Ibnuz-Zaki, na Sheikh Tajud-Din al-Fazari, mkubwa wa Mashafii wa Damascus. Sheikh huyu al-Fazari, pamoja na utu uzima wake na madhehebu yake kuwa mbali, aliiandika darsa ile kwa faida nyingi alizoziona ndani yake. Sisi wa pwani hii, ambao wengi wetu ni Mashafii, twapenda jambo hili likumbukwe: mtu mzima wa mji kumwandikia ilimu kijana mgeni wa madhehebu mengine. Huo ndio ukarimu wa wenye ilimu.

SIKU YA KUKIMBIA WENGINE

Mtu akikaa pahali miaka mingi, je, pamekwisha kuwa kwao? Sisi twaona ya kuwa miaka peke yake haitoshi. Mji huwa wa mtu siku ya shida, atakapochagua kukaa nao au kuutupa.

Siku hiyo ilimfika Ibn Taymiyya mwishoni mwa mwaka wa 1299. Tatari walikuja tena, chini ya mfalme wao Ghazan, ambaye kwa jina alikuwa amekwisha kusilimu. Jeshi la Misri lilivunjwa karibu na mji wa Homs, na Damascus ukabaki wazi. Wakubwa waliondoka, na makadhi wakaondoka, wakielekea Misri. Mtu mmoja katika mji ule alikuwa na udhuru kuliko wote wa kukimbia: yule aliyekimbizwa na watu hawa hawa juu ya gari la vitabu alipokuwa mtoto. Naye hakukimbia. Alitoka pamoja na wazee wa mji mpaka Nabk, akasimama mbele ya Ghazan kuutakia mji amani. Alimpelekea khabari amiri wa ngome asiifungue ngome maadamu liko jiwe moja juu ya jiwe, na ngome ikasalimika. Kisha aliwaendea maamiri wa Tatari kuwatakia mateka uhuru. Nao walipokuwa tayari kuwaachilia Waislamu tu, alikataa mpaka waachiliwe na Manasara na Mayahudi, kwa sababu wako katika ulinzi wa Waislamu.

Mwaka uliofuata zilikuja khabari za hofu tena, na watu wakaanza kuuza vitu vyao kwa thamani ya kutupa wapate kukimbia. Ngamia aliuzwa kwa dirhamu 1,000, na punda kwa dirhamu 500. Ibn Taymiyya alikaa katika kiti chake msikitini akiwahimiza watu wakae, na kuwaeleza ya kuwa mali wanayoitoa kwa nauli ya kukimbia ni bora waitoe katika kuilinda nchi yao. Kisha akapanda farasi wa posta mpaka Cairo kumhimiza Sultani alete jeshi. Na katika Ramadhani ya mwaka wa 702 (1303), vita vilipopiganwa Shaqhab karibu na Damascus, alikuwapo uwanjani pamoja na askari. Aliwapa fatwa ya kufuturu wapate nguvu, akawa akila mbele yao ili wasione haya. Tatari walishindwa, na Damascus ukaokoka.

Kutoka siku hizo hapana aliyeweza kumwita mtu wa Harran.

BARUA KWA MAMA

Lakini maisha ya Sheikh huyu hayakuwa ya raha. Alikuwa mkali wa maneno. Na hata mwanafunzi wake Imamu Dhahabi, pamoja na kumpenda, aliliandika hilo. Aliwapinga watu katika mambo waliyoyazoea, na wako wanavyuoni wakubwa waliompinga naye kwa hoja zao. Sisi hatusemi ya kuwa hakukosea. Aliyesalimika na makosa ni Mtume. Twasema tu ya kuwa hakusema neno kwa kutaka cheo wala mali.

Katika mwaka wa 705 (1306) aliitwa Cairo kwa maneno aliyoyasema katika itikadi, akafungwa katika ngome yapata mwaka mmoja na nusu. Nduguze wawili, Sharafud-Din Abdullah na Zaynud-Din Abdur-Rahman, walifungwa pamoja naye. Watoto wale waliokulia katika nyumba moja ya ugeni hawakuachana katika shida. Kisha alifunguliwa, akafungwa tena, akapelekwa Iskandaria, akarudishwa Cairo, mpaka ikapita zaidi ya miaka sita akiwa Misri.

Na huko Damascus alikuwako mama. Jina lake ni Bibi Sittun-Niam. Ndiye aliyeiacha nyumba yake Harran usiku ule na watoto wadogo. Na sasa, katika uzee wake, watoto wale walikuwa mbali. Ibn Taymiyya alimwandikia barua ambayo imehifadhika mpaka leo. Wanaomjua kwa ukali wake huistaajabia, kwani imejaa upole na heshima. Alimtaka radhi kwa kuwa mbali naye, akamweleza ya kuwa kukaa kwake Misri si kwa kuchagua bali ni kwa mambo ya lazima ya dini, na ya kuwa lau angeweza angemwendea hata kwa kubebwa na ndege. Mwenyezi Mungu hakumkatisha tamaa mama huyu. Mwanawe alirudi Damascus mwanzoni mwa mwaka wa 1313, naye yu hai. Akafa miaka minne hivi baadaye, katika mwaka wa 716 Hijria.

VITABU VINAONDOKA

Mwaka wa 726 (1326) alifungwa mara ya mwisho, katika ngome ya Damascus, kwa fatwa yake juu ya kufunga safari kwa ajili ya kuzuru makaburi. Nduguye Zaynud-Din alikaa naye. Kwanza aliachiwa vitabu na kalamu, akawa akiandika. Kisha, katika mwaka wa 728, ilitoka amri anyang'anywe. Vilitolewa zaidi ya mijalada 60, pamoja na makaratasi yake, na wino, na kalamu. Maneno machache aliyoyaandika baadaye aliyaandika kwa makaa.

Basi yule aliyeingia Damascus nyuma ya gari la vitabu alibaki katika mji ule ule hana hata kimoja. Lakini kile ambacho babake alikitaka alipolipakia lile gari kilikuwa kimekwisha kushuka kutoka kwenye makaratasi na kuingia katika kifua, na kifuani hapana amri inayofika. Yeye na nduguye walirejea katika Kurani. Inasimuliwa ya kuwa waliihitimu mara 80, na katika mara ya 81 walikuwa wamefika mwisho wa Suratul-Qamar alipofikwa na mauti, usiku wa kuamkia tarehe 20 Mfungo Pili mwaka wa 728, yaani Septemba 1328. Maduka yalifungwa, na mji wote ukatoka kumzika. Alizikwa ubavuni mwa nduguye Sharafud-Din, katika makaburi ya Masufi. Maiti ya mgeni haizikwi hivyo.

NENO KWA WALIOHAMA NA KWA WENYEJI

Ndugu zetu, hapana katika sisi anayeandamwa na Tatari. Kuhama kwetu ni kwa lori na kwa basi, na kwa ndege. Ikiwa jamaa ile katika hofu ile ilipata nafasi ya vitabu katika gari moja, sisi hatuna udhuru wa kukosa nafasi ya msahafu na vitabu vichache katika lori zima. Na ikiwa baba yule alimkalisha mwanawe mbele ya mwalimu katika miezi ya mwanzo ya ugeni, basi kungoja kutulia si hoja. Atakayengoja kutulia ndipo asomeshe, hatatulia. Atakayesomesha ndiye atakayetulia, kwani mwalimu na darsa na msikiti ndivyo vinavyompa mgeni jamaa katika mji asiokuwa na jamaa.

Wala neno letu si kwa wahamiaji peke yao. Wenyeji nao wana deni. Ukifika mtaani mwenu mzigo wa watu wageni, msingoje mpaka wawajue. Waonyesheni msikiti na madrasa, na mtoto wao mumpe pahali katika safu ya watoto wenu. Watu wa Salihiyya walifanya hivyo, na al-Fazari alifanya hivyo, nao hawakujua ni nani wanayemfungulia mlango. Nanyi hamjui.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh huyu na wazazi wake na nduguze, atusamehe sisi na wao, na azifanye nyumba zetu, za kale na za ugenini, ziwe nyumba za ilimu na amani. Amin.